Bekapu ya wingu inayopanda kwa mwendo wa kinyonga: Backblaze, IDrive, Dropbox, au ujijengee mwenyewe?

Nilikuwa na GB 640: picha, video za watoto, kazi za miaka tisa. Nikalipia huduma ya bekapu ya wingu iliyoandika kwa herufi kubwa kwamba hifadhi ni bila kikomo na kasi ni bila kikomo, kisha nikaiacha kompyuta ikeshe inapakia. Asubuhi ya pili nikafungua dirisha la programu. Limeandika: zimebaki siku 61.

Intaneti yangu ya wakati ule ilikuwa na Mbps 18 za kupakia, na nilizipima kwa waya, si kwa Wi-Fi. Kwa kasi hiyo GB 640 zinapaswa kupanda kwa siku tatu na saa chache. Mimi naambiwa miezi miwili. Nikawaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu kuwa kasi inategemea mtoa huduma wangu wa intaneti. Ilikuwa robo ya ukweli. Kampuni yenyewe siitaji, maana tatizo lile lile nimelikuta baadaye kwa wengine pia. Lakini kutoka siku ile nikaacha kuchagua bekapu kwa kusoma tangazo. Nachagua kwa kujiuliza swali moja: mzigo wangu wa kwanza utamaliza lini kupanda? Ulinganisho huu umejengwa juu ya swali hilo.

Bila kikomo ya nini?

Neno hilo hutumika kwa vitu viwili tofauti, na wauzaji hawana haraka ya kuvitenganisha. Cha kwanza ni ujazo: weka data kiasi chochote, bei haipandi. Cha pili ni kasi, na hapo maana yake ni finyu sana: kampuni inaahidi kwamba haitakubana kwa makusudi. Mwenye barabara akikuambia hakuna kikomo cha mwendo, hajakupa gari. Anachosema ni kwamba hataweka matuta. Je, barabara ina njia ngapi, iko mbali kiasi gani na kwako, na gari lako ni la aina gani? Hayo hayamo kwenye ahadi.

Hata ahadi ya ujazo yenyewe si ya kudumu. Microsoft ilitangaza OneDrive isiyo na kikomo mwaka 2014, ikaiondoa Novemba 2015. Amazon ilifuta mpango wake usio na kikomo mwaka 2017, na Amazon Drive yenyewe ikafungwa mwisho wa mwaka 2023. CrashPlan, huduma nyingine ya bekapu, ilitangaza mwaka 2017 kwamba inawaacha wateja wa nyumbani, na Oktoba 2018 mlango ukafungwa. Dropbox nayo ilisitisha "nafasi kadiri unavyohitaji" kwenye mpango wake wa biashara mwaka 2023. Nayataja haya kwa sababu yanahusu kasi moja kwa moja. Huduma ikifungwa, hasara kubwa ni wiki zile ulizokesha ukipakia, ambazo sasa utazirudia kuanzia sifuri kwingine. Kadiri unavyopakia polepole, ndivyo kuhama kunavyokuwa kugumu, na ndivyo unavyopaswa kuwa mwangalifu unapochagua mara ya kwanza.

Kwanza pima bomba lako

Kabla ya kulaumu kampuni yoyote, fahamu kwamba intaneti nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa upendeleo: kupakua ni haraka, kupakia ni taratibu. Laini ya simu ya ADSL2+ inaweza kufikia Mbps 24 za kupakua huku kupakia kukiishia kama Mbps 1.4 tu. Hata Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipopandisha kipimo chake cha intaneti ya kasi mwaka 2024, iliandika Mbps 100 za kupakua na 20 za kupakia. Tano kwa moja. Kabla ya hapo ilikuwa 25 kwa 3. Tangazo la intaneti linapotaja namba moja tu, namba hiyo ni ya kupakua, na bekapu haina kazi nayo.

Kosa la pili ni la herufi. Mbps ni megabiti kwa sekunde. MB kwa sekunde ni megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Programu ikionyesha inapakia MB 1.2 kwa sekunde na laini yako ni ya Mbps 10, hujaibiwa: hiyo ndiyo Mbps 10.

Hizi hapa ni siku za kupakia GB 500, bila kusimama, iwapo kila kitu kinakwenda sawa:

Mbps 1: siku 46
Mbps 5: siku 9
Mbps 10: siku nne na nusu
Mbps 20: siku mbili na saa kadhaa
Mbps 100: saa 11

Ongezea kama sehemu moja ya kumi kwa ajili ya maelezo ya ziada yanayosafiri pamoja na data. Ukipata jibu lako hapa na likakutosha, endelea kusoma. Kama laini yako ni ya Mbps 1 au 2 na una terabaiti mbili, hakuna huduma yoyote katika ulinganisho huu itakayokuokoa kwa njia ya mtandao, na sehemu utakayoihitaji ni ile ya diski inayosafirishwa.

Jambo moja kuhusu vipimo. Speedtest ya Ookla hukuchagulia seva iliyo karibu nawe, kwa hiyo namba yake ndiyo ya juu kabisa unayoweza kuiona. Seva ya bekapu inaweza kuwa bara jingine.

Umbali, na kwa nini uzi mmoja hautoshi

Hapa ndipo siku zangu 61 zilipotoka, nami nitakaa kidogo.

Kompyuta inapotuma data haitumi yote kwa mkupuo. Inatuma kiasi fulani, inasubiri seva iseme "nimepata," ndipo inatuma kiasi kingine. Kiasi hicho kinaitwa dirisha. Programu nyingi za zamani, na nyingine za leo zilizoandikwa kivivu, hutumia dirisha la KB 64. Sasa seva ikiwa mbali, tuseme ujumbe unachukua milisekunde 200 kwenda na kurudi, programu inaweza kutuma KB 64 mara tano tu kwa sekunde. Hiyo ni KB 320 kwa sekunde, sawa na Mbps 2.6. Laini yako inaweza kuwa ya Mbps 18 au ya Mbps 1,000, haitaleta tofauti. Bomba ni pana, maji yanapita tone kwa tone kwa sababu kila tone linasubiri jibu.

Kisha kuna mafaili madogo. Folda yangu moja ilikuwa na mafaili 40,000, mengi yake ya KB chache. Programu ile ilikuwa ikituma faili moja, inasubiri kuthibitishiwa, inaanza lingine. Subira moja ya milisekunde 200 kwa kila faili, mara 40,000, ni sekunde 8,000: zaidi ya saa mbili za kukaa kimya, kabla hata hujahesabu data yenyewe. Video moja ya GB 4 ilipita vizuri kuliko folda ya barua na risiti iliyokuwa na uzito chini ya nusu yake.

Dawa ya yote mawili ni moja: nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, yaani programu itume kwa njia kadhaa sambamba badala ya moja. Nyuzi kumi zikituma sambamba, kila moja ina dirisha lake na subira yake, na zile saa mbili zinashuka hadi kama robo saa. Kwa hiyo, ukilinganisha huduma, usiulize kama kasi ina kikomo. Uliza mambo haya mawili: inatuma nyuzi ngapi, na seva zake ziko wapi.

Sasa tuziweke huduma zenyewe bega kwa bega.

Backblaze na IDrive

Hizi mbili ndizo watu wengi hufikia mwisho, nazo zimejengwa kwa fikra zinazopingana.

Backblaze inauza ujazo usio na kikomo kwa kompyuta moja. Unaweka programu, nayo inachukua karibu kila kitu isipokuwa mfumo wa kompyuta na programu zilizosakinishwa. Upande wa kasi ni mzuri, na sababu ni zile mbili nilizozitaja. Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2021, programu inaweza kufungua hadi nyuzi 100. Na unapofungua akaunti unachagua eneo la seva, mojawapo likiwa Amsterdam kwa wale ambao Ulaya ni karibu kuliko Marekani. Chaguo hilo hufanyika mara moja tu. Akaunti haihamishiki eneo baadaye. Nimeona watu wakibofya haraka haraka wakabaki na seva ya mbali bila kujua, kisha wanalalamikia laini yao. Usiupite ukurasa ule.

Kwenye mipangilio ya Backblaze kuna mahali pa kuruhusu programu ijiamulie idadi ya nyuzi. Nilipoondoa alama hiyo na kuweka 20 mwenyewe, kwenye laini ile ile ya Mbps 18, kasi ilikaa kati ya Mbps 15 na 17 usiku kucha. Nilijaribu pia 60. Haikuongeza chochote ila kula kumbukumbu ya kompyuta na kufanya feni ilie. Bomba likishajaa, nyuzi za ziada ni mzigo tu.

Udhaifu wake uko kwingine. Haichukui data iliyo kwenye NAS, yaani seva ya nyumbani yenye diski zinazofikiwa kupitia mtandao, na kila kompyuta inalipiwa peke yake. Diski ya nje inachukuliwa, lakini usipoiunganisha kwa muda mrefu kuliko kipindi ulichokichagua cha kutunza matoleo ya zamani ya mafaili, nakala yake inafutwa. Kwa mtu mwenye laini ya taratibu hili ni kubwa: diski ya TB 2 iliyochukua wiki tatu kupanda inaweza kuondoka kwa sababu uliisahau kabatini.

IDrive haiahidi bila kikomo. Unanunua kiasi, kwa mfano TB 5, na ndani yake unaingiza kompyuta, simu na NAS zako zote. Kwa uzoefu wangu uzi wake wa kupakia si mwepesi kama wa Backblaze, hasa kwenye mafaili madogo, na mara nyingi hatua ya kukagua mafaili kabla ya kuanza inachukua muda ukadhani imekwama. Kinachoipa nafasi ya juu katika ulinganisho huu ni IDrive Express: wanakutumia diski, unaijaza nyumbani, unairudisha, wao wanaipakia kwenye seva zao. Wiki sita za kupakia zinageuka siku chache za posta. Baada ya hapo programu inatuma sehemu za mafaili zilizobadilika tu. Kabla ya kulipia kwa ajili ya Express, hakikisha huduma hiyo inafika unakoishi na muda wake wa safari unajulikana. Kama haifiki, sababu kubwa ya kuichagua IDrive imeondoka.

Tofauti nyingine ya tabia: ukifuta faili kwenye kompyuta, Backblaze italifuta kwenye wingu kipindi cha matoleo kikiisha. IDrive haifuti mpaka uiamuru. Kwa mtu aliyehangaika kupakia, napendelea ya pili.

Uamuzi wangu kati ya hizo mbili: kompyuta moja na laini yenye angalau Mbps 5 za kupakia, chukua Backblaze. Vifaa vingi, au laini dhaifu na Express inafika kwako, chukua IDrive.

Dropbox, Google Drive, OneDrive

Hizi ni huduma za kusawazisha, yaani zinaweka mafaili yale yale kwenye kompyuta na kwenye wingu, na wengi huzitumia kama bekapu. Tatizo la msingi ni kwamba faili likiharibika au likifutwa kwenye kompyuta, uharibifu unasafiri hadi kwenye wingu ndani ya dakika. Matoleo ya zamani yapo kwa muda fulani, lakini ni lazima ugundue mapema. Hilo likiwa wazi, kwa kasi peke yake zina mambo ya kujifunza.

Dropbox hugawa faili katika vipande vya hadi MB 4 na kutuma vile vilivyobadilika tu. Ukiwa na faili la GB 3 ambalo unaliongezea maneno machache kila siku, tofauti ni kubwa mno: badala ya GB 3 kila jioni, unatuma megabaiti chache. OneDrive ilipata uwezo kama huo kwa mafaili ya kila aina mwaka 2020. Kwa anayefanya kazi na mafaili makubwa yanayobadilika kidogo kidogo, hili lina uzito kuliko idadi ya nyuzi.

Lakini Dropbox ina jambo linalowakuta wengi bila kutarajia. Kwenye mipangilio ya kipimo data, upande wa kupakia, imewekwa tayari "punguza kiotomatiki," na chaguo hilo hutumia asilimia 75 ya uwezo wa laini yako. Wamefanya hivyo kwa nia njema, ili usikwamishe wengine nyumbani. Kwa mzigo wa kwanza, badilisha uweke "usipunguze," kisha urudishe baadaye. Ni sekunde kumi za kazi.

Google Drive ina kikomo cha kweli: GB 750 kwa siku kwa mtumiaji. Nimeona watu wakikitaja kama chanzo cha polepole yao. Ili ufikishe GB 750 kwa siku unahitaji kupakia karibu Mbps 70 saa 24 mfululizo. Kwa laini ya Mbps 20 unafikisha GB 216. Kikomo hicho hakikuhusu, sahau.

CrashPlan kwa ufupi

Bado ipo, sasa hasa kwa biashara, na ina mpango wa nafasi isiyo na kikomo. Programu yake huondoa marudio: inalinganisha kila kipande cha data na vile vilivyokwisha kupakiwa ili isitume kitu mara mbili. Kwa ofisi yenye nakala nyingi za nyaraka zile zile hilo linaokoa sana. Kwa mwenye video na picha, ambazo hazirudii, kompyuta inachoka kutafuta marudio yasiyokuwepo na laini inakaa bure. Mwongozo wao wenyewe uliwahi kuwaambia wateja watarajie wastani wa GB 10 kwa siku. Kwa kiwango hicho TB 1 ni siku 100. Angalau walisema wazi, na kwa hilo nawaheshimu kuliko waliokuwa wakiniambia "bila kikomo."

Kujijengea mwenyewe

Njia ya nne ni kukodi hifadhi tupu, kama Backblaze B2, Wasabi au Amazon S3, kisha utumie programu yako kupakia: rclone, restic, Kopia, au Arq kwa asiyetaka kuandika amri. Hapa kasi iko mikononi mwako. Rclone, usipoiambia kitu, hutuma mafaili manne sambamba. Unaweza kuiambia kumi na sita. Unaweza kuiwekea breki mchana na kuiachia usiku kwa mstari mmoja wa amri. Restic hufunga mafaili madogo pamoja ndani ya mafurushi kabla ya kutuma, na lile tatizo langu la mafaili 40,000 linayeyuka.

Nikawa nimekuja huku kwa sababu ya udhibiti, nimebaki kwa sababu nyingine: restic haijali wingu ni la nani. Nilipakia kwanza kwenye diski ya nje iliyo mezani, kwa kasi ya waya wa USB, siku hiyo hiyo nikawa na nakala kamili yenye usimbaji fiche. Kisha nikaanza kuinakili kwenye wingu taratibu, bila wasiwasi. Kama hifadhi hii ikifungwa kesho, nakala ya mezani ninayo, naielekeza kwingine.

Gharama yake ni kwamba unalipa kwa gigabaiti, hivyo TB 10 si rahisi tena, na masharti ni ya kusoma: Wasabi, kwa mfano, kwenye mpango wao wa kawaida hukutoza kana kwamba faili limekaa siku 90 hata ukilifuta baada ya wiki. Tena, ukipoteza nywila ya restic, hakuna huduma kwa wateja duniani itakayokufungulia. Iandike kwenye karatasi, uiweke mahali pawili. Kama husomi ujumbe wa makosa wala hutaki kuusoma, achana na njia hii bila kuona haya, rudi kwa Backblaze.

Ukipakia kwa nguvu zote, nyumba inalia

Jambo hili linazihusu huduma zote, na wengi hawalijui. Upande wa kupakia ukijaa kabisa, hata kupakua kunakwama. Sababu ni kwamba unapopakua, kompyuta yako hutuma majibu madogo madogo ya "nimepata." Majibu hayo yakikwama kwenye foleni ya ruta nyuma ya gigabaiti za bekapu, video inaganda na simu za mtandaoni zinakatika. Mtu wa chumba cha pili atasema intaneti imekufa.

Kwa hiyo baada ya mzigo wa kwanza, weka programu itumie kama asilimia 80 ya kasi uliyoipima, si zaidi. Backblaze, IDrive, Dropbox na rclone zote zinaruhusu. Ukiwa na ruta inayosimamia foleni vizuri, kama zile zinazotumia OpenWrt (mfumo huria wa kuendeshea ruta) ikiwa na SQM, kipengele chake cha kupanga foleni, imewashwa, hutahitaji kuwaza sana.

Pia hakikisha kompyuta hailali. Nusu ya malalamiko ya "imesimama tangu jana" niliyosaidia watu kuyatatua yaliisha tulipofungua mipangilio ya umeme na kuizuia kompyuta kulala ikiwa kwenye chaja.

Jinsi ya kuipima huduma kabla hujalipa

Karibu zote hizi zina kipindi cha majaribio au kiasi cha bure. Usikitumie kutazama rangi za dirisha. Tengeneza folda mbili za GB 5 kila moja: moja ya video chache kubwa, nyingine ya maelfu ya mafaili madogo halisi ya kwako. Unganisha kompyuta kwa waya. Zima VPN kama unayo. Pakia ya kwanza, andika saa. Pakia ya pili, andika saa.

Folda zote mbili zikikaribia kasi ya laini yako, huduma hiyo ni nzuri kwako, endelea. Ya video ikienda vizuri na ya mafaili madogo ikiburuta miguu, tafuta mpangilio wa nyuzi, usipokuwepo, ondoka. Zote mbili zikiwa taratibu kwa kasi isiyobadilika saa yoyote ya siku, seva ni ya mbali au dirisha ni dogo: angalia kama unaweza kuchagua eneo jingine. Zikiwa taratibu jioni tu na nzuri alfajiri, hapo ndipo tatizo ni la mtoa huduma wako wa intaneti, na utakuwa na namba za kumwonyesha.

Kisha futa folda moja kwenye kompyuta na uirejeshe kutoka kwenye wingu. Wengi huruka hatua hii. Kurejesha hutumia upande wa kupakua, kwa hiyo aghalabu ni haraka zaidi, lakini huduma nyingine hukufungia data katika faili moja kubwa la zip ambalo likikatika katikati unaanza upya. Backblaze hutoa pia njia ya kukutumia diski ya USB ya hadi TB 8 yenye data yako. Jiulize kama ingefika kwako, na kwa siku ngapi.

Ukishachagua, usiiachie programu ipange foleni yenyewe. Siku ya kwanza nilichagua nyaraka na picha peke yake, GB 90, zikamaliza chini ya siku moja. Ndipo nikaongeza folda ya video. Kwenye ile huduma ya siku 61, programu ilikuwa imeanza na folda ya vipakuliwa, na hadi nilipoiondoa siku ya tano, picha hazikuwa zimeguswa hata moja.